Mtikisa Yai wa Bendi ya Tanuru

Jumapili, 12 Septemba 1993

Bega! Bega langu la kulia limevimba kama andazi. Naandika nimelala chali, daftari juu ya tumbo, kwa sababu kukaa siwezi.

Sherehe ya mtaa imekwisha salama. Kihekalu chetu kimetolewa, kimebebwa mabegani mtaa mzima wa Senju, kimerudishwa. Mimi nilikuwa mbele kabisa, kwenye mti wa kubebea wa upande wa kulia, mahali pa marehemu baba. Anayebeba mbele ndiye anayeweka mwendo. Akikosea yeye, wanaume wote nyuma yake wanakanyagana. Sikukosea. Ila mti ulikuwa umelowa mvua, ukanikalia vibaya, nami sikubadilisha bega. Wanaume wa Senju hawabadilishi bega. Ndiyo maana wanaume wa Senju wakizeeka hawana mabega.

Mzee Komiya, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, na mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akanipiga kofi la pongezi. Bega hilohilo! Anasema nimetembea kama baba. Nikaona nyota mchana kweupe.

Mama amenibandika plasta ya dawa. Inanuka duka zima, na duka letu ni la biskuti za mchele, wateja wanapiga chafya. Nikalalamika. Akasema umeyataka mwenyewe, nuka kimyakimya.

Keshokutwa mazoezi ya bendi. Mpiga dramu asiye na bega. Haya, tutaona.

Jumanne, 14 Septemba 1993

Tumeona.

Tulikuwa na wimbo mpya, "Kimbia". Wimbo wa mbio na makelele, Tanuru kama Tanuru ilivyo. Kimbia, kimbia, mji unaungua — maneno ya Kyohei. Kyohei Minegishi ndiye mwimbaji wetu na rafiki yangu tangu sekondari, tulipokuwa tunapiga ngoma kwenye makabati ya viatu hadi mwalimu akatufukuza. Sauti yake ni ya kutangazia moto. Kuhesabu hajui. Miaka yote hii anaangalia mguu wangu ndipo aingie.

Nikahesabu. Moja, mbili — mkono ukagoma! Ukaenda kwa mwendo wa bibi anayepanda ngazi. Dobashi wa gitaa akafoka: Iwao, umekufa? Nikasema bega. Akasema basi tupige hivyohivyo, chumba tumeshakikodi. Mdogo wake, wa besi, huwa anakubali chochote. Akakubali.

Kyohei akaanza kwa kunikejeli. Anavuta maneno, anabembeleza kama yaya. Halafu kejeli ikamtoka usoni. Akawa anaimba kweli. Tukafika katikati, pale penye fujo kubwa zaidi, mkono wangu ukakataa kabisa, nikaacha. Wote wakaacha. Kimya kirefu. Mguu wangu tu unagonga sakafu, hausikiki. Kisha Kyohei akaingia na sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mdogo wa Dobashi akapangusa macho na kusema ni vumbi.

Bwana Utsumi, mtayarishaji kutoka kampuni ya rekodi, alikuwa kwenye kona na tonge lake la wali. Akaacha kutafuna. "Rudieni," akasema, mdomo umejaa.

Nilidhani ananionea huruma. Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani.

Alhamisi, 7 Oktoba 1993

Studio. Leo wimbo umerekodiwa. Sasa unaitwa "Usikimbie". Naapa! Mji hauungui tena. Sasa kuna mwanamke kwenye jukwaa la treni, na theluji, na mtu anayemwomba asikimbie.

Asubuhi nilipanga dramu zangu zote. Bwana Utsumi akasikiliza, akaja kwa adabu: matoazi tuyaache? Tukayaacha. Saa sita akaja tena: ile ngoma kubwa ya mguu, unaonaje? Sikuona kitu, wakaitoa. Baada ya chakula wakaitoa ndogo. Bega lilikuwa limeshapona, nilikuwa na nguvu za kupasua ukuta, na mbele yangu hapakuwa na kitu cha kupiga isipokuwa magoti.

Jioni akaniletea yai. Yai la plastiki, ndani lina punje. Unalitikisa, linasema chak. Nalitikisa ubeti wa pili tu. Akaniita kwa jina la ukoo: "Kaburagi, kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, nawe unaifanya vizuri mno." Nikainama kushukuru! Mimi!

Halafu kwenye kile kimya cha katikati Kyohei hawezi kuingia peke yake, kwa hiyo wamenikalisha upande wa pili wa kioo, kiatu nimevua, ili auone mguu. Kwenye jalada la rekodi jina langu litaandikwa: yai.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, wanasema wahenga. Yangu haikupewa hata nafasi ya kuvuma.

Jumatano, 12 Januari 1994

Tamthilia mpya ya televisheni imeanza leo. Muuguzi mrembo amechelewa treni. Anakimbia. Theluji. Mlango unafungwa. Na wimbo wetu unaingia.

Mama alilia hadi akalowesha biskuti. Kisha akauliza wewe uko wapi hapo. Nikasema subiri — hapo! Chak. Umesikia? Akasema alidhani ni mashine ya kufulia ya jirani.

Jumapili, 13 Februari 1994

Namba moja. Nchi nzima! Wiki ya tatu sasa.

Unaimbwa kila mahali. Daktari wa meno ananichimba jino huku anauimba puani. Dukani, kwenye lifti, kwa kinyozi. Muuza samaki ameuweka ili kuuza vibua, na vibua wanauzika.

Jana Dobashi alitaka tukaone wenyewe. Tukaingia karaoke pale stesheni. Chumba cha jirani wafanyakazi wa ofisi, tai za shingo wamezifunga kichwani, wanauimba kwa zamu, bosi wao analia juu ya meza. Hakuna aliyetutambua. Tukauweka na sisi. Na nini nasikia? Dramu! Waliotengeneza sauti ya mashine wameona wimbo umepwaya, wakautia dramu! Mpigo mzuri pia, wa kifala lakini mzuri. Yaani mashine imepewa dramu, mimi nimepewa yai. Dobashi alicheka hadi akateleza kwenye kiti. Nilimmwagia bia, akaendelea kucheka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimekichimba kwa bega langu.

Ijumaa, 4 Machi 1994

Jana usiku televisheni, moja kwa moja. Dramu zangu zilikuwepo zote, zinang'aa. Ila walizijaza sifongo zisilie, na fundi akaniomba nisizipige, nizitazame kwa huzuni. Mbele yangu wakaweka shada la maua meupe la ukubwa wa kabati.

Mtangazaji akamuuliza Kyohei mwanamke wa kwenye wimbo ni nani. Kyohei akainama. Watu wakashusha pumzi. Ukweli ni kwamba hakuna mwanamke, kulikuwa na mji unaungua, lakini hilo huwezi kulisema mbele ya watazamaji milioni. Kisha mtangazaji akanigeukia mimi. Mwenzetu unapenda chakula gani? Nikasema wali wa mchuzi wa kari. Wakapiga makofi.

Basi, kile kimya kikafika. Kyohei akageuka kutafuta mguu wangu. Akaona maua. Nikainua goti, nikainua kidevu — maua! Akaingia mapema, katikati ya kimya, sauti ikamvunjika. Nikasema basi tumekwisha, aibu ya mwaka hii.

Asubuhi hii magazeti yote: ameshindwa kuuzuia uchungu wake. Rekodi zimeisha madukani. Bwana Utsumi amempigia Kyohei simu kumwomba aingie mapema vivyo hivyo mara kwa mara.

Kwa hiyo hata mguu wangu hauhitajiki. Na kwetu yameletwa makasha ya kari kutoka kwa mashabiki, mama anauliza tuyaweke wapi.

Jumamosi, 23 Aprili 1994

Sendai. Tumekuja kwa onyesho, ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Tumeanza na nyimbo za zamani, nimepiga mpaka kijiti kimekatika. Watu wamekaa. Mikono mapajani, leso zimekunjwa vizuri, wanangoja kwa adabu kama wako kwa daktari. Mama mmoja mstari wa mbele aliziba masikio, akaniinamia kuomba radhi, akaendelea kuziba.

Lilipotoka yai, wakasimama wote.

Baadaye kwenye chumba cha kuvalia, Kyohei akaniambia kwa sauti ya chini: leo nimekuona mguu, asante, nisipouona napotea. Nikamwambia ukipotea ndiyo wanalia zaidi. Hakucheka. Akasema, "Mimi siimbi ili walie, Iwao. Naogopa tu." Kisha mashabiki wakagonga mlango, akavaa uso wa huzuni akatoka.

Nampenda mshenzi yule. Sijui kwa nini nimeliandika hilo.

Jumatano, 17 Agosti 1994

Bwana Utsumi aliita kikao. Kulikuwa na chai ya baridi na vikeki vya maharagwe, vile vya kufungwa kimojakimoja. Vikeki! Ningepaswa kujua hapohapo.

Akasema wimbo ujao pia utakuwa wa polepole. Kinanda, fidla, sauti ya Minegishi. Ndugu wawili Dobashi watapiga magitaa makavu, yasiyo ya umeme. Tunaanza kurekodi tarehe kumi na mbili Septemba. Kisha akanigeukia, akainamisha kichwa: "Na Kaburagi, bega lako linaendeleaje siku hizi?"

Mimi, punda, nikafurahi! Mwaka mzima hakuna aliyeliuliza bega langu. Nikasema limepona kabisa, Bwana Utsumi, asante sana! Nikasimama, nikazungusha mkono kama mrushaji wa besiboli, wauone.

Dobashi akaanza kusoma karatasi ya keki. Bwana Utsumi akasema ah, vizuri, vizuri sana, ila bega ni kitu cha kuangaliwa. Nikasema liko imara, gusa!

Hakugusa.

Nilikuwa nimeshapanda treni, nimeshika mpini, ndipo ikaniingia. Nikasema "Ala!" kwa sauti, watu wakageuka. Kwetu hakuna anayekwambia toka. Anakuuliza afya. Nawe unashusha macho, unasema kweli nimechoka kidogo, naona nipumzike. Kila mtu anasikitika, mnapeana vikeki, mnaachana bila mtu kuumia. Mtoto wa shule analijua hilo. Mimi nimewazungushia mkono!

Yaani wananitoa. Kwenye bendi niliyoianzisha na Kyohei kwenye makabati ya viatu. Na Kyohei alikuwa pale, anatazama viatu vyake, hakufungua mdomo. Angesema hata neno moja! Dobashi wasiseme, sawa. Utsumi ni kazi yake. Lakini yeye?

Nimeumia. Asante ya punda kweli ni mateke. Nimekula vikeki vyote nilivyobeba na bado nimeumia.

Ijumaa, 9 Septemba 1994

Siku ya vituko.

Kwanza kamati ya mtaa. Mzee Komiya ametangaza kwamba Jumapili kihekalu kitatolewa kwa wimbo wa mtoto wetu. Vipaza sauti vimeshakodiwa, vitafungwa kwenye gari la tofu. Nikasema mzee, haiwezekani, wimbo ule hauna mwendo, watu watakanyagana. Akasema, "Namba moja nchi nzima, wewe unasema haina mwendo? Wivu huo, mtoto wa Fusae!" Nikamwambia wivu wa nini, mimi nimo humo ndani! Akauliza sehemu gani. Wakapiga kura. Wote wamekubali, na Fusae mwenyewe, mama yangu mzazi, ameinua mikono miwili.

Jioni simu. Bwana Utsumi, sauti laini kama tofu yenyewe. Bega? Nikasema — safari hii sikuwa mjinga — lipo, linaendelea. Akavuta pumzi ya matumaini. Amesikia Jumapili kuna sherehe mtaani kwetu. Kazi nzito hiyo, alisema. Lolote likilipata bega, kampuni na mashabiki wataelewa. Mtu aliyeumia kwa mila za mtaa wake! Magazeti yatalipenda jambo hilo. Wataniandikia maneno mazuri. Nitarudi nikipona.

"Bila haraka," akasema.

Basi ndiyo hivyo. Nikivimba Jumapili, nimetoka kwa heshima. Nisipovimba, Jumatatu natakiwa studio na hakuna atakayenifungulia mlango, wala hakuna atakayenifungia. Mama ananiangalia. Amenunua plasta mapema.

Jumapili, 11 Septemba 1994

Naandika kwa shida, si kwa maumivu. Kwa kucheka, na kwa hasira pia.

Asubuhi tumejipanga chini ya kihekalu, makoti mafupi ya sherehe, vitambaa vya kichwa. Mimi mbele, mti wa kulia. Nimeshaamua: sibadilishi bega, livimbe, yaishe. Mara watu wanagutuka. Kuna mtu kwenye geti la hekalu, kofia imefunika nyusi, miwani myeusi, barakoa. Kila mtu alimjua papo hapo. Wasichana wakapiga yowe.

Kyohei! Sijui alikuja kunieleza nini. Alianza tu, "Iwao, nilitaka tuzungumze kuhusu kesho," na Mzee Komiya akamdaka mkono. Mwimbaji mwenyewe, siku ya wimbo wake! Wakamvua shati, wakamvika koti, wakamsukuma chini ya mti, pembeni yangu kabisa, mti wa kushoto. Mtu ambaye hajawahi kubeba hata begi lake.

Komiya akapuliza filimbi. Tukanyanyua. Na kutoka gari la tofu, theluji na stesheni: "Usikimbie".

Jamani! Mguu wa kuinua haupo, mguu wa kushusha haupo. Huyu anaenda, yule anangoja kinanda. Kihekalu kikaanza kuyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Wanawake pembeni wanalia kwa wimbo, wanaume chini wanalia kwa uzito. Tukafika mbele ya duka la Komiya mwenyewe, na hapo ndipo kimya cha katikati kikaingia. Wote wakasimama! Mguu mmoja hewani! Hakuna anayejua wa kuendelea ni lini. Kihekalu kikaegemea kushoto, taratibu, kuelekea mapipa ya tofu, na Mzee Komiya mbele ya mapipa amepanua mikono kuyakinga. Kyohei akanigeukia na macho yaleyale ya televisheni. Anatafuta mguu wangu. Nao ulikuwa chini ya kihekalu, hauonekani.

Nikapaza sauti. Zimeni hiyo takataka! Sauti yangu nzima, ya mwaka mzima. Mtu akachomoa waya. "Washoi!" nikaita, wito wetu wa kubebea, nikapiga mguu lami. "Washoi!" wakaitika. Kihekalu kikasimama wima. Tukaenda, washoi, washoi, Senju nzima, mwendo wa baba, nami machozi yananitoka na sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa napiga dramu na watu wazima wote wale, na hakuna aliyezitia sifongo.

Kyohei alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Sauti yake ya zamani, ya moto. Karibu na stesheni, mate yamemkauka, akanigeukia katikati ya hatua: "Iwao — bega lako — linaendeleaje?"

Nikamwangalia. Sikujua. Sijui hata sasa. Aliuliza kama Utsumi, au aliuliza kama Kyohei? Ni maneno yaleyale. Uso umejaa jasho, haukusema kitu.

Nikamwambia, "Beba!"

Matokeo: bega langu zima. Hata wekundu hakuna! Mti ulikuwa mkavu, tumetembea sawa, limenikalia vizuri kuliko miaka yote. Bega la Kyohei ndilo limevimba, la kushoto, andazi kamili. Na sauti imekwisha. Amebaki na mkwaruzo, anaongea kama mlango wa ghala. Mama amembandika plasta niliyonunuliwa mimi. Tukakaa wote wawili kati ya makasha ya kari. Nilingoja aseme alichokuja kusema. Akafungua mdomo, mkwaruzo ukatoka, mama akamkataza: nyamaza mwanangu, kesho una kazi.

Akaenda kwa teksi.

Mzee Komiya ananuna. Anasema wimbo haukupewa nafasi.

Jumatatu, 12 Septemba 1994

Studio, korido. Naandika juu ya goti. Nimevaa shati safi. Vijiti viko mfukoni, sijui nimevibeba kwa nini.

Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenizuia. Mlinzi ameinama, nimeinama, nimepita. Nimekaa kwenye kiti kilichopo mbele ya kioo. Ndani: kinanda, wapiga fidla sita wanakunywa chai, ndugu wawili Dobashi na magitaa makavu. Dobashi aliponiona akageuza macho, kisha akayarudisha, akanipungia kidole kimoja. Kyohei yuko kwenye kipaza sauti, mkono umetundikwa kwa kitambaa. Plasta inanuka hadi huku.

Wameanza. Sauti yake! Imechanika. Haiwezi kubembeleza tena, inakwaruza tu. Wapiga fidla wanatazamana. Fundi amemwangalia Bwana Utsumi, na Bwana Utsumi hajasema simamisha. Ameacha kutafuna. Leo ana tonge la wali tena.

Wamefika katikati. Wimbo huu nao una kimya — wameuwekea makusudi, kwa sababu kile cha kwanza kiliuza. Kinanda kimenyamaza. Fidla zimenyamaza. Kyohei hajaangalia karatasi, hajaangalia fundi. Amegeuka, anaangalia kioo. Anaangalia chini ya kioo. Mguu wangu.

Kimya kinaendelea. Kimepita urefu wake. Mpiga kinanda amesimamisha vidole hewani.

Bwana Utsumi ametoka. Amefunga mlango nyuma yake polepole, amesimama mbele yangu, amezuia nusu ya kioo. Ameinama. Ameuliza, "Kaburagi, samahani sana kukusumbua. Bega lako linaendeleaje?"

Nimemwomba aniruhusu nimalize mstari. Amekubali. Kwetu hakuna anayekataa.

Najua jibu analolitaka. Kweli nimechoka kidogo, Bwana Utsumi. Maneno ni mepesi, ninayo mdomoni. Anangoja na kichwa kimeinama, tonge mkononi. Kupitia kwapa lake namwona Kyohei, bado hajaingia, midomo wazi, jasho. Huko ndani wanadhani ni uchungu. Fundi amewasha taa ya kuendelea kurekodi, hataki kuupoteza. Nami nina hasira naye, mwezi mzima wa hasira, na ningemwacha hapo mpaka jioni.

Kiatu nimeshakivua.